Amplifaya Ndogo na Spika Anayeshtuka

Tangu nistaafu siwezi kukaa. Mke wangu Nyangeta ameniwekea kiti barazani hapa Buhare, kiti kizuri chenye mto, na hadi leo mto ule ni mpya. Nakaa, nasimama. Nikisikia redio ya jirani inakoroma, nakwenda kumwambia kwamba karatasi ya spika yake imepasuka. Jirani ananishukuru kwa uso wa mtu anayetaka niondoke. Juzi Nyangeta akachoka. "Hebu andika hayo mambo yako uyatue," akasema, "maana utamaliza majirani wote."

Basi naandika, na ninaowaandikia ni ninyi vijana mliobaki karakana. Ninyi mna amplifaya za transista zenye nguvu ya kuangusha dari. Sauti isipofika mnaongeza nguvu, ikipasuka mnaongeza tena. Sisi hatukuwa na nguvu ya kuongeza. Tulikuwa na amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za zamani, iliyokula betri ya gari, wati kumi kwa maneno ya kiwanda, na betri ikichoka hata hizo tulizitafuta. Mambo ya vyeo na mshahara nitayaruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua.

Nilianza kazi muda mfupi baada ya Uhuru, kwenye kibanda cha kutengeneza redio pale Iringo, katikati ya Musoma. Mwenye kibanda alikuwa Fundi Bwire, Mjita mfupi mwenye vidole vinene ajabu kwa kazi ile, aliyejifunza mambo ya waya jeshini wakati wa vita vya Wazungu. Siku ya kwanza nilikwenda na shati jeupe, nimechana nywele. Bwire aliniangalia, akachukua kamba, akaufunga mkono wangu wa kushoto kwenye mkanda wa suruali. Sikujua kama natakiwa kucheka. Akaniambia, "Ndani ya hii kitu kuna umeme mwingi, hata ukiizima unabakiaga. Ukishika huku na mkono moja, na huku na ingine, unapita kwenye moyo. Sasa wewe utatumia moja mpaka uzoee." Nilishinda hivyo siku nzima. Wateja walinitazama kwa huruma, wakidhani ni mwizi aliyekamatwa anayengoja polisi.

Kamba ilipofunguliwa alinifundisha jambo ambalo nimelitumia hadi siku ya mwisho kazini. Ukutani kulikuwa na spika za kila aina, kubwa na ndogo, mpya na za kuokoteza. Bwire alichukua betri ya tochi na vipande viwili vya waya, akaigusisha spika moja kubwa yenye koni nene ya karatasi. Ikasema "tu," kama mtu aliyeweka kikombe mezani. Akagusisha nyingine, tarumbeta la bati lenye kutu. "Kwa!" Niliruka.

"Umesikia?" akaniuliza. Spika kwake walikuwa watu, na hakuwahi kuwaita vinginevyo. "Betri ni hiyohiyo moja. Huyu mkubwa ni mvivu. Huyu wa bati anashtukaga upesi."

"Kwa hiyo mvivu ni mbovu?"

"Nani kasema mbovu? Mpe nguvu nyingi, mweke karibu na watu, atakuimbia vizuri kuwashinda wote. Sasa wewe nguvu unayo? Huna. Basi kabla hujafunga waya wowote, mguse kwanza na tochi ujue ni nani."

Hapo ndipo penye kazi yote, vijana. Koni nzito yenye sumaku dhaifu inataka kusukumwa sana ndipo itikisike. Ngozi ndogo nyepesi iliyofungwa kwenye shingo ya tarumbeta inatikisika kwa kidogo tu, na tarumbeta linaipeleka sauti mbali. Wati moja kwenye tarumbeta lile ilifika mahali ambapo wati zetu zote kumi kwenye sanduku hazikufika. Hasara yake ni kwamba tarumbeta halina kifua. Mwanaume mzima akiongea ndani yake anakuwa mbuzi.

Baadaye nilichukuliwa na ofisi moja ya mkoa iliyokuwa na gari la matangazo. Nilikuta watu wanaitana Bwana, na baada ya miaka michache tukawa Ndugu sote, ingawa mwenye ufunguo wa gari alibaki yuleyule. Dereva alikuwa Mafuru, mtu wa Bunda, mrefu, asiyependa kuulizwa tutafika lini. Tulizunguka mkoa mzima. Sikumbuki kama niliwahi kulala vizuri miaka ile, maana kila tulipofika nilianza kuwaza betri, na kila tulipoondoka nilihisi nimesahau waya.

Kosa kubwa lilikuja kwa lori. Mtu fulani mjini aliamua tufanane na mkoa wenye heshima, akatuletea masanduku mawili ya spika ya mbao iliyong'arishwa, marefu hadi kiunoni, yenye kitambaa cha dhahabu mbele. Ofisi nzima ilitoka kuyaangalia. Mimi niliyagusa kwa tochi. "Tu." Mkuu wetu aliuliza kwa furaha, "Unaonaje, Fundi, si kubwa hizi?" Nikasema ni kubwa kweli.

Tukayapeleka Butiama, kwenye ufunguzi wa ghala la kijiji. Kwaya ya akina mama ilisimama mbele ya maikrofoni, mimi nikafungua sauti hadi mwisho, na vifua vya wale akina mama vikaishinda amplifaya waziwazi. Masanduku yalinong'ona. Watu wa nyuma wakasogea wasikie, wa mbele wakasukumwa, na kufikia wimbo wa tatu umati ulikuwa unawakanyaga waimbaji vidole. Niliunganisha tarumbeta pembeni ya sanduku. Tarumbeta likapiga kelele peke yake, sanduku likawa halisikiki kabisa. Kwenye vifaa vyangu nilikuwa na waya wa ndani wa pasi ya umeme iliyoungua, nikauunga kwenye njia ya tarumbeta ili kulipunguza nguvu. Zikalingana, lakini sasa zote mbili zilikuwa dhaifu. Nilipomsimulia Bwire alicheka hadi akakohoa. "Yaani umemziba mdomo anayeongea, ili anayenong'ona asikike!"

Bunda nako nilifundishwa na ng'ombe. Tulikuwa mnadani, tarumbeta juu ya gari, nikaisogeza maikrofoni karibu nalo bila kufikiri. Ikapiga mluzi ule mnaoujua. Ng'ombe wa mnada mzima waligeuka kwa pamoja na kuondoka, na wenye ng'ombe nyuma yao, na matusi nyuma ya wenye ng'ombe. Mafuru alipanda juu ya gari akabaki huko. Tangu siku hiyo nilijiwekea desturi. Mkutano ukianza tu, namwachia Mafuru amplifaya, mimi natembea. Naenda mbali na tarumbeta hadi mahali ambapo maneno yanageuka kuwa mvumo tu, naweka jiwe. Nazunguka, naweka jingine. Nikiyajua mawe yangu najua sauti inaishia wapi, na nani hajasikia. Wenzangu waliniona kama mtu mwenye mchango wa tumbo, hatulii. Lakini ndivyo nilivyo, na kazi ile ilinifaa.

Sasa nifike Mugeta, kwa sababu ndiko ninakorudi kila ninapokaa kwenye kile kiti.

Ilikuwa wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Mugeta ni kwao mama yangu, na mjomba wangu Magoti alikuwa mkubwa wa ukoo pale, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Mahali pa kijiji kipya palikuwa pamekwisha kupimwa, kando ya barabara, na vigingi vimepigwa. Kilichobaki ni mkutano wa kuwatangazia watu. Ukiisha, watu wanaanza kubomoa na kuhama, na asiyetaka atakuja kuhamishwa na mgambo. Katibu Tarafa aliyeongoza mkutano alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ndogo, na siku hiyo alikuwa na haraka. Mawingu yalikuwa yanajikusanya na alikuwa na vijiji vingine vinamngoja. Alipiga meza kwa kidole muda wote.

Tulifunga sanduku moja karibu na meza, kwa ajili ya mapambo, na tarumbeta juu ya gari kwa ajili ya kazi. Katibu Tarafa akaanza. Mimi nikaanza kutembea na mawe yangu. Upande wa mashariki nilipofika mwisho wa sauti niliinua macho. Hatua chache mbele yangu, kwenye kichuguu kikubwa, walikuwa wamekaa wazee wote wa ukoo wa mama yangu, kila mtu na kigoda chake na fimbo yake, ng'ombe wakila majani nyuma yao. Nikadhani wamekaa vibaya kwa bahati mbaya. Nikarudi kwenye gari, nikaligeuza tarumbeta liwaelekee. Nilipotazama tena, wazee walikuwa wanasimama. Wakachukua vigoda vyao, wakasogea nyuma kiasi kilekile, wakakaa.

Nikawafuata.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwipwa. Ndiyo wewe unatukimbizaga na hiyo bati?"

"Nataka msikie, mjomba. Ni mambo yenu yanazungumzwa."

"Tunajua ni mambo yetu." Alichora chini kwa fimbo. "Sisi zamani tulikuwaga tunaletewa neno na mtu. Mtu anakuja na miguu yake, anakaa, tunamuuliza, anajibu. Akishindwa kujibu anarudi kuuliza aliyemtuma. Sasa hiyo bati nitaiuliza nini? Mimi nikiingia ndani ya sauti yake nikanyamaza, ni nimekubali. Ndiyo maana tunakaa nje. Yule kijana akitutaka, si anatuona?"

"Na mkiwa nje mnataka kumwuliza nini?"

Hapo alinyanyua uso, na nikaona kwamba hajalala siku nyingi. "Pale walipopigaga vigingi kuna mbung'o. Baba yangu alihamaga pale ng'ombe wamekufa karibu wote. Tukipeleka hawa pale, mvua zikiisha hatuna ng'ombe. Watoto watakunywa nini? Wataoa na nini? Kuhama hatukatai. Atupeleke ng'ambo ya mto, huku juu, hakuna shida. Lakini nani atamwambia?"

Nilikimbia hadi mezani, nikamnong'oneza Katibu Tarafa kwamba wazee wanaomba awafuate. Hakukasirika. Alifuta jasho. "Ndugu Fundi, nikiwafuata hawa, kesho nitafuata kila kichuguu tarafa nzima. Nimeagizwa nimalize leo. Waongezee sauti." Sikumlaumu, naye alikuwa amefungwa mkono mmoja kama mimi siku ile kwa Bwire.

Nguvu ya kuongeza, kama nilivyosema, haikuwepo. Nilisimama nyuma ya gari nikiwa sijui niende wapi, nikishika koleo na kuiweka, nikishika na kuiweka. Mafuru akasema, "Wewe, utaitoboa hiyo amplifaya." Nikaitazama maikrofoni. Ndani yake mna ngozi nyembamba, koili ya waya na sumaku. Ndani ya shingo ya tarumbeta mna ngozi nyembamba, koili na sumaku. Bwire alikuwa akilitumia tarumbeta bovu pale kibandani kusikiliza nani amefika mlangoni. Spika anayeshtuka upesi akisukumwa na umeme kidogo, ukimgeuza, anashtuka upesi akisukumwa na sauti ndogo pia.

Nikalishusha tarumbeta. Nikafungua waya wote tuliokuwa nao, nikaunga hata wa akiba, nikaliburuta hadi kichuguuni na kuliweka mbele ya mjomba.

"Umeileta hadi huku!" akasema.

"Mjomba, hii bati leo haisemi. Inasikia. Ukiongea hapa, yule kijana atasikia kule mezani."

Aliinama akachungulia ndani. "Na yenyewe inajibuga?"

"Hapana. Inasikia tu."

"Afadhali," akasema, na wazee wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Nilirudi mbio. Nikapunguza sauti hadi chini, maana amplifaya ya valvu ukiichezea waya sauti ikiwa juu utaiua, na ukiiacha bila spika utaiua pia. Hilo mliandike ukutani. Waya wa tarumbeta nikauingiza mahali pa maikrofoni. Sanduku lile la kitambaa cha dhahabu likabaki peke yake kwenye njia ya kutolea sauti. Katibu Tarafa akasema kitu kwenye maikrofoni, haikutoka sauti, akageuka kunitazama. Nikafungua polepole.

Kwanza ulikuja upepo. Kisha kengele ya ng'ombe. Kisha mjomba wangu alikohoa pale mezani, na akina mama waliokaa mbele wakageuka kumtafuta.

"Kijana," sanduku likasema. "Mimi ni Magoti. Nakuona umekaa hapo."

Sijawahi kusikia sauti nzuri namna ile ikitoka kwenye chombo changu. Sanduku lile vivu, ambalo halikufaa kitu mbali, lilikuwa limewekwa hatua tatu kutoka kwa watu wa mezani, na wati zetu kumi zilitosha kabisa. Kifua chote cha mjomba kilikuwemo. Akaeleza habari ya mbung'o, na habari ya baba yake, polepole, bila kupayuka. "Kama unabisha, nitakupa ng'ombe moja ukakae naye pale kwenye kigingi. Utaona mwenyewe anavyokondaga." Mama mmoja akasema kwa sauti, "Ni kweli kabisa hiyo." Wengine wakaitikia. Mawingu yalikuwa yamefika juu yetu na hakuna aliyeyatazama.

Katibu Tarafa alikuwa amesimama. "Nirudishie sauti nimjibu," akaniambia.

Ilikuwa kazi ya kubadilisha waya mbili tu, na nilikuwa nimezishika mkononi. Nikamwona kichwani mwangu akijibu kutoka mezani, kwa haraka ile, na wazee wakinyanyua vigoda vyao tena na kusogea.

"Haiwezekani kwa sasa, Ndugu," nikasema. "Valvu zimepata moto mno. Tukizisumbua zitakufa."

"Zitapoa lini?"

"Siwezi kujua."

Aliinama akaziangalia valvu, zikiwaka wekundu wake wa kila siku. Kama kuna wakati niliogopa kufukuzwa kazi ni huo. Nyuma yangu Mafuru, ambaye tangu tufahamiane hakuwahi kunisaidia hata kubeba waya, akasafisha koo. "Zikiwaga hivi, Ndugu," akasema, "zinachelewaga sana."

Na sanduku nalo likasema, "Kijana, bado uko hapo? Mimi nakungoja."

Katibu Tarafa akaweka karatasi zake chini ya jiwe, mojawapo ya mawe niliyokuwa nimebakiza, akaanza kutembea. Umati ulimfungulia njia. Tulimwona akizidi kuwa mdogo kwenye nyasi, na kabla hajafika tukaanza kumsikia, kwanza nyasi zikichakacha, kisha pumzi yake.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," wakaitikia wengi. Kisha kigoda kikaburutwa. "Kaa hapa," mjomba akasema. "Umetembea."

Nilinyoosha mkono nipunguze sauti, kwa kuwa niliona sasa hayo ni maongezi yao. Akina mama wakanikemea, "Acha tusikie!" Nikaacha. Wakauliza na kuulizana. Alikuwa na majibu kwa mengine, na mengine akasema hajui, atakwenda kuuliza. Mwisho akasema, "Mzee, nionyeshe hao mbung'o." Tukasikia vigoda, fimbo, nyayo zikiondoka. Sanduku likabaki na upepo na kengele ya ng'ombe, na watu wote wakabaki wanalisikiliza.

Walirudi mvua ikiwa imeanza. Katibu Tarafa alikuwa amejaa mbegu za nyasi kwenye suruali, shingoni ana uvimbe mahali alipoumwa, naye anaukuna. Alimwambia mtu wake aende na vijana kung'oa vigingi vya barabarani, wavipeleke ng'ambo ya mto, yeye atajieleza kwa wakubwa. Kijiji kipo hapo hadi leo, na ng'ombe wapo.

Mimi nilikuwa nakunja waya kwa haraka, kichwa chini, nikitumaini amenisahau. Viatu vyake vya matope vikasimama mbele yangu.

"Fundi. Hizi valvu huwa zinapata moto hivi mara nyingi?"

"Zikihitajika, Ndugu."

Akaendelea kujikuna shingo, akitazama kichuguu. "Kesho tuna mkutano kijiji kingine," akasema. "Chukua amplifaya hiyohiyo. Na waya uongeze urefu."